Fakta na homa ya ini: maswali ya kwenye benchi la kliniki

Mimi ni mama wa kijana mwenye hemofilia A kali, ule ugonjwa wa damu kutokatika upesi. Tunaishi Arusha, kliniki yetu iko Moshi, na ile safari ya alfajiri kupitia Usa River na Boma Ng'ombe tumeizoea. Kwenye benchi la kusubiria nimekaa na wazazi wa Rombo, Same, Karatu na Monduli. Swali moja halikosi, na mara nyingi huulizwa kwa sauti ya chini: hii dawa anayochomwa mtoto si imetoka kwenye damu za watu, sasa homa ya ini je?

Mzazi anayeuliza hivyo ana haki. Huko Ulaya na Marekani kuna kizazi kizima cha wagonjwa wa hemofilia kilichoambukizwa kwa dawa hii hii. Lakini nimeona pia watoto wakikaa siku tatu na goti lililovimba kwa damu kwa sababu nyumbani wanakiogopa kichupa, na hilo ndilo lililonisukuma niandike. Mimi si daktari. Haya nimeyapata kwa kuuliza, kusoma, na kuuliza tena. Dozi na vipimo vya mwanao ni vya kuzungumza na daktari wake.

Fakta ni nini hasa?

Damu ina protini kadhaa zinazopokezana kazi mpaka jeraha lizibe, na wataalamu wamezipa namba. Mwenye hemofilia A amepungukiwa na ya 8, mwenye hemofilia B amepungukiwa na ya 9. Ndiyo maana kliniki utasikia fakta 8 na fakta 9. Mtu huzaliwa na ugonjwa huu. Hemofilia A inakadiriwa kumpata mtoto mmoja wa kiume katika kila 5,000 wanaozaliwa, na B ni adimu zaidi.

Dawa yenyewe ni unga mweupe ndani ya kichupa. Unayeyushwa kwa maji maalumu yanayokuja nao, kisha unachomwa kwenye mshipa. Unga huo una asili mbili. Upo unaotolewa kwenye plazma, yale maji ya rangi ya njano yanayobaki chembe za damu zikiondolewa, na plazma ya maelfu ya wachangiaji huwa imemiminwa pamoja. Upo pia unaotengenezwa maabara na seli zilizopandikizwa jeni ya binadamu. Huu wa pili hautoki kwa mchangiaji yeyote. Fakta 8 ya maabara iliidhinishwa Marekani mwaka 1992, na fakta 9 mwaka 1997. Tukiuliza habari ya homa ya ini, tunauliza hasa kuhusu ule wa kwanza.

Hofu hii ilianzia wapi?

Mwaka 1964 mtafiti Judith Graham Pool wa Chuo Kikuu cha Stanford alionyesha kwamba plazma iliyogandishwa, ikiyeyushwa taratibu kwenye baridi, huacha mashapo chini, na mashapo hayo yamejaa fakta 8. Ndiyo kriyo tunayoijua mpaka leo. Baada yake viwanda vikaja na unga mkavu. Watu walifurahi, na walikuwa na kila sababu: kwa mara ya kwanza mgonjwa aliweza kujichoma mwenyewe nyumbani, akaenda shule na kazini kama wenzake.

Balaa lilikuwa kwenye ule mchanganyiko. Ukimimina pamoja plazma ya watu 10,000 au 20,000, mmoja tu mwenye virusi anatosha kuchafua yote. Wachaga wataelewa haraka: kata moja ya mbege iliyoharibika ikiingia kwenye pipa, pipa zima limekwisha. Na mgonjwa alikuwa akichota kwenye mapipa mengi, wiki baada ya wiki. Baadhi ya plazma ya Marekani ilinunuliwa kwa watu waliouza kwa shida, hata magerezani.

Kirusi cha homa ya ini B kilianza kupimwa kwa wachangiaji miaka ya 1970, kufuatia ugunduzi wa Baruch Blumberg, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Lakini wagonjwa waliendelea kuumwa ini kwa kitu ambacho si A wala si B. Madaktari wakakiita hivyo hivyo, homa ya ini isiyo A wala B, na wengi wao wakaiona ni gharama ndogo ya kupata dawa nzuri. Haikuwa ndogo. Mwaka 1989 kirusi kilitambuliwa, kikaitwa C, na kipimo chake kikaanza kutumika mwaka 1990. Kufikia hapo wengi mno wa waliotumia unga wa kiwandani kabla ya katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wameshaambukizwa. VVU navyo vilipita mlango huo huo. Uingereza peke yake, watu takriban 1,250 wenye magonjwa ya kutokwa damu waliambukizwa VVU, wakiwemo watoto. Tume iliyoongozwa na Brian Langstaff ilitoa ripoti yake Mei 2024, ikasema sehemu kubwa ya maafa hayo ingeweza kuepukwa.

Nilisoma habari hiyo usiku kwenye simu. Niliiweka chini nikaenda kumtazama mwanangu alivyolala. Kwa hiyo mzazi mwenzangu akiniambia anaogopa, simcheki.

Sasa virusi vinaondolewaje?

Kwa tabaka tatu, moja juu ya nyingine.

La kwanza ni kuwapima wachangiaji na plazma yao, siku hizi pamoja na vipimo vinavyotafuta chembe ya urithi ya kirusi chenyewe, hata kabla mwili haujatengeneza kingamwili.

La pili ni kuviua. Walianza na joto. Miaka ya mwanzo ya 1980 viwanda vingine viliupasha unga mkavu kwa nyuzi 60. VVU vilidhoofika, lakini kirusi cha C kilipona kwenye baadhi ya dawa hizo, na hapo ndipo ilipojulikana kwamba "imepashwa moto" si neno linalotosha. Lazima uulize moto kiasi gani, muda gani, na ikiwa kavu au majimaji. Wengine wakapandisha hadi nyuzi 80 kwa saa 72. Wengine wakapasha dawa ikiwa bado majimaji, nyuzi 60 kwa saa 10. Kisha ikaja njia ya kiyeyusho na sabuni, iliyobuniwa na kituo cha damu cha New York na kuidhinishwa Marekani mwaka 1985. Hii naipenda kuieleza kwa sababu kila mama anaielewa. Virusi vya B, C na VVU vimevaa koti la mafuta. Sufuria ya nyama ukiimwagia maji matupu, mafuta yanabaki. Ukitia sabuni, yanaachia. Sabuni hiyo ya kiwandani hulivua koti, na kirusi kisicho na koti lake hakiwezi tena kuingia kwenye seli. Baadaye sabuni na kiyeyusho huondolewa ndipo dawa ifike kwako.

Lakini kirusi cha A hakivai koti. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Italia na nchi nyingine kadhaa za Ulaya, wagonjwa wa hemofilia walipata homa ya ini A kutoka kwenye fakta 8 iliyotibiwa kwa sabuni na kiyeyusho peke yake. Njia ilikuwa imefanya kazi yake sawasawa kwa B, C na VVU. A ikapita pembeni. Toka hapo watengenezaji wengi wakaanza kuunganisha njia mbili zinazofanya kazi tofauti, sabuni na joto, au sabuni na chujio.

Chujio ndilo tabaka la tatu: vitundu vidogo mno ambavyo protini inapenya na virusi vingi vinakwama. Kuna kirusi kimoja kidogo na kigumu sana, parvo B19, ambacho bado kinawasumbua watengenezaji. Hakiharibu ini kama B na C, na watu wengi hukipata utotoni bila kujua.

Kwa hiyo hatari imeisha?

Nchini Marekani, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, fakta zilizotibiwa ipasavyo na kusajiliwa huko hazijathibitika kumwambukiza mgonjwa homa ya ini B, C wala VVU. Hiyo ni miaka mingi na vichupa vingi mno. Sifuri kamili, kwa kitu kilichotoka kwa binadamu, hakuna mtaalamu mkweli atakayekuahidi, nami sitakuahidi.

Ukitaka swali la maana la kumuuliza daktari kuhusu fakta leo, uliza habari za kizuizi. Mwili wa mtoto unaweza kuiona fakta ni mgeni ukatengeneza kingamwili za kuizima. Kwa wenye hemofilia A kali hutokea kwa karibu watatu katika kila kumi, zaidi katika zile dozi za mwanzoni. Dalili yake ni damu kutokatika kwa dozi iliyokuwa ikiikata siku zote. Hilo ndilo ninaloliangalia mimi, kuliko homa ya ini.

Fakta zetu ni za msaada. Isije ikawa ni zile walizozikataa wenyewe?

Hili linaulizwa sana na akina baba. Nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwemo, hupokea fakta kupitia mpango wa misaada wa Shirikisho la Hemofilia Duniani. Mwaka 2014 kampuni mbili ziliahidi kutoa uniti bilioni moja kwa muda wa miaka kumi, na nusu yake zikaelekezwa kwa shirikisho hilo. Zilikuwa za maabara, zile zinazodumu muda mrefu mwilini. Kwa maneno mengine, mtoto wa Ngaramtoni anaweza kuwa anachomwa dawa ile ile anayochomwa mtoto wa Ulaya.

Usiniamini kwa mdomo tu, soma boksi. Ukiona neno *recombinant*, ni ya maabara. Ukiona imeandikwa *human plasma*, ni ya plazma, na karatasi iliyokunjwa ndani inaeleza imetibiwa kwa njia zipi. Mwombe nesi akusomee kama Kiingereza chake kinakupa shida. Tazama na tarehe ya mwisho wa matumizi, kwa sababu dawa za msaada wakati mwingine hufika zikiwa na miezi michache iliyobaki. Miezi michache si kuharibika.

Mwanangu alipewa plazma na kriyo, si fakta. Nazo zimetibiwa?

Hapa naomba usome polepole, maana ndipo wengi tunapokosea.

Mfuko wa plazma au kriyo unaotundikwa wodini kwa kawaida haujatibiwa. Umepimwa. Mpango wa Taifa wa Damu Salama, ambao kituo chake cha kanda ya kaskazini kiko hapa Moshi, hupima damu ya kila mchangiaji kwa VVU, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende. Hiyo ni kazi kubwa na inaokoa maisha kila siku. Lakini kupimwa ni jambo moja na kutibiwa ni jingine. Mfuko huo haukupashwa moto wala haukupitishwa kwenye sabuni, kwa sababu ukifanya hivyo kienyeji unaiharibu damu. Na kila kipimo kina kipindi chake cha upofu: mtu ameambukizwa juzi, virusi vimo, kipimo bado hakijaviona.

Kwa mtu anayeongezewa damu mara moja maishani, baada ya ajali au kujifungua, hatari hiyo ni ndogo mno. Kwa mtoto wa hemofilia aliyekua kwa kriyo, mifuko inaongezeka: minne leo, sita mwezi ujao, tena baada ya kung'oa jino. Hatari ndogo ikirudiwa mara nyingi haibaki kuwa ndogo.

Ndiyo maana jibu sahihi ni kinyume na moyo unavyosema. Moyo unasema mfuko wa mtu mmoja, tena ndugu yetu aliyekuja kutoka Kibosho kumchangia, ni salama kuliko unga wa watu maelfu wasiojulikana. Lakini unga umetibiwa, mfuko haujatibiwa. Na ndugu anayekuja kuchangia kwa kuombwa, familia nzima ikimtazama, ana wakati mgumu kusema ukweli kwenye fomu ya maswali kuliko mchangiaji wa hiari. Shirikisho la Hemofilia Duniani linasema wazi kwamba fakta iliyotibiwa ndiyo ya kwanza, na plazma au kriyo ni pale ambapo haipo.

Basi ukisikia "haipo", usikatae mfuko. Mtoto akiwa amegonga kichwa, au damu inavuja tumboni, na usiku huo hospitali ina kriyo tu, achomwe kriyo. Damu ya kichwani inaua kwa saa. Homa ya ini ina vipimo, ina dawa, na ina muda.

Aliongezewa damu zamani. Nifanye nini sasa?

Mwombe daktari vipimo vitatu. Cha antijeni ya B, kinachoonyesha kama virusi vya B vimo sasa hivi. Cha kingamwili za B, kinachoonyesha kama ana kinga. Kiwango cha 10 au zaidi ndicho kinachohesabiwa kuwa ni kinga. Na cha kingamwili za C. Hicho cha mwisho kikiwa chanya, maana yake amewahi kukutana na kirusi, si lazima kiwe bado kimo. Wapo ambao mwili huwafukuzia wenyewe. Kinachoamua ni kipimo cha pili cha kutafuta chembe ya urithi ya kirusi. Nimeona mama akilia koridoni kwa karatasi ya kipimo cha kwanza, kabla hata cha pili hakijafanyika.

Anayetumia bidhaa za damu apimwe kila baada ya miezi 6 hadi 12, hata akiwa mzima kama mti. B na C zinaweza kukaa kwenye ini miaka 20 bila kelele.

Chanjo ipi, na anachomwaje bila kuvilia damu?

Ya B ni lazima. Tanzania iliiingiza kwenye chanjo za watoto mwaka 2002, na leo hutolewa ikiwa pamoja na nyingine wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Aliyezaliwa kabla ya hapo, au kadi yake imepotea, apimwe kinga. Kama hana, huchomwa mara tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na mwezi wa sita. Hata wewe unayemchoma nyumbani chanjwa. Ya A haimo kwenye ratiba ya kawaida, ila inapendekezwa kwa wenye hemofilia. Watoto wengi wa kwetu hukutana na A wakiwa wadogo kupitia maji na chakula na kubaki na kinga ya maisha, kwa hiyo muulize daktari kama kipimo kitangulie. C haina chanjo.

Namna ya kuchoma ndiyo nataka niiseme kwa uchungu. Mwanangu alipokuwa na miezi minne, kabla hatujajua ana nini, alichomwa chanjo pajani kwenye kituo kimoja cha afya. Paja likavimba, likawa gumu kama embe bichi, jeusi upande mmoja. Tuliambiwa ni kawaida, tukande kwa maji ya moto. Tulikanda, likazidi. Siku ya nne ndipo daktari mmoja alipolishika, akaniuliza kama nina kaka au mjomba anayetokwa damu sana. Mjomba wangu alifariki akiwa kijana, baada ya tohara. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Basi mwambie anayechoma, kabla hajavuta dawa: mtoto huyu ana hemofilia. Sindano iwe nyembamba kabisa, ichomwe chini ya ngozi pale chanjo inaporuhusu. Kama ni lazima iingie kwenye msuli, apewe fakta kwanza. Barafu kabla, kisha bonyeza kwa kidole dakika 10 bila kusugua. Usikande kwa moto.

Macho yamekuwa ya njano siku mbili baada ya kuchomwa. Si dawa hiyo?

Bibi yake wa Machame aliniuliza hivi hivi, na alikuwa ameshaamua jibu. Nikamwambia, mama, hesabu siku. Homa ya ini A huchukua kati ya siku 15 na 50 toka kuambukizwa hadi kuugua. B ni mwezi mmoja hadi sita. C ni wiki mbili hadi miezi sita. Kichupa cha juzi hakiwezi kuleta manjano ya leo.

Kinachoweza ni malaria, au damu nyingi iliyovilia kwenye msuli na sasa mwili unaivunja na kuisafisha. Ila usibaki nyumbani ukihesabu. Macho ya njano, mkojo wa rangi ya chai ya rangi, kichefuchefu na kukosa hamu ya kula ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Na usimpe dawa ya mitishamba ya "kusafisha ini". Nyingine zinaliumiza ini lililokwisha kuumia.

Kipimo kikitoka chanya?

C inapona. Nalirudia kwa sababu bado kuna watu wanaosema haiponi: C inapona. Tangu 2013 na 2014 zipo dawa za vidonge, kama sofosbuviri ikiunganishwa na mwenzake, zinazomezwa kwa wiki 8 hadi 12 na kuwaponya zaidi ya wagonjwa 95 katika kila 100. Zile sindano za zamani za mwaka mzima zilizowachosha watu hazihitajiki tena.

B haiponi kirahisi, inadhibitiwa. Si kila mwenye B huanza dawa. Daktari huangalia ini na wingi wa virusi. Akianza, mara nyingi ni tenofoviri, kidonge kimoja kwa siku, na haiachwi bila ruhusa yake. Ini huangaliwa kwa mashine ya mawimbi inayopima ugumu wake kwa juu ya ngozi. Kulitoboa kwa sindano ni hatari kwa mwenye hemofilia, na hakufanywi bila maandalizi ya fakta.

Kumbuka pia kwamba fakta nyingi za kugandisha damu hutengenezwa na ini lenyewe. Ini likichakaa, aliyepungukiwa na moja anapungukiwa na nyingine tena. Kwa hiyo pombe aachane nayo, aspirini na diklofenaki asiguse, na parasetamoli asizidishe dozi.

Tohara, chale, kilimi?

Tohara ifanyike hospitali, fakta ikiwa tayari imeandaliwa kwa siku zote za kupona. Wazee wa ukoo wazungumze na daktari mapema. Nimeona wakielewa wakielezwa kwa heshima. Kukata kilimi, kuchanja chale na kung'oa yale yanayoitwa meno ya plastiki, hapana kabisa. Damu haitakata, na kifaa kilichopita kwa mtoto mwingine kinabeba B kuliko kichupa chochote cha fakta.

Na ile sindano mpya ya chini ya ngozi?

Emisizumabu. Si fakta wala haitoki kwenye damu. Hutengenezwa maabara na kufanya kazi badala ya fakta 8. Ni ya hemofilia A peke yake, hata kwa wenye kizuizi. Inazuia damu kuvuja, ila ikishavuja kwa nguvu bado utahitaji dawa nyingine.

Nyumbani, hatari iko wapi?

Kwenye sindano iliyotumika. Kirusi cha B kinaweza kubaki hai kwenye damu iliyokauka kwa siku 7. Sindano ikishatoka kwenye mshipa usiirudishie kifuniko chake. Itumbukize kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye mfuniko, na ikijaa irudishe kliniki. Damu ikidondoka sakafuni vaa glavu, mwagia jiki iliyochanganywa na maji, subiri dakika 10, ndipo upanguse. Wembe, mswaki na kikata kucha, kila mtu na chake. Kula sahani moja, kukumbatiana na kulala kitanda kimoja hakuambukizi B wala C, na mtoto asitengewe kikombe.

Kwa nini nesi ananisisitiza niandike namba za kwenye kichupa?

Ile namba ya toleo, iliyotanguliwa na herufi LOT, ndiyo jina la pipa ambalo dawa yako ilitoka. Kiwanda kikigundua kasoro, wanaita toleo hilo lirudishwe. Kama umeandika, utajua ndani ya dakika moja kama mwanao aliguswa. Wale wa miaka ya 1980 wengi hawakuweza hata kuthibitisha walichomwa nini na lini.

Daftari letu ni la kawaida, la kurasa 96. Mistari inasomeka: tarehe, mahali palipovuja, jina la dawa, uniti, toleo, tarehe ya mwisho, nani kachoma.

Nikiogopa, si bora nisubiri damu ikate yenyewe?

Goti lililojaa damu linaharibika kweli, si kwa mfano wa kusema. Damu inakula gegedu, na kila mvujo unaacha kiungo kikiwa tayari kwa mvujo mwingine, mpaka siku mtoto hawezi kukunja mguu apande Kosta. Nimekaa benchi moja na vijana wa miaka 20 wanaotembelea fimbo. Wengi wao hawana homa ya ini yoyote. Walisubiri.

Kwetu mwanangu huniamsha usiku. Haiti kwa nguvu, anasimama mlangoni anasema, "Mama, linatekenya." Ndiyo dalili yake ya kwanza, goti linatekenya kabla halijauma wala kuvimba. Nawasha taa ya jikoni, nanawa kwa sabuni hadi viwikoni, natoa boksi kwenye friji na kukishika kichupa viganjani mpaka baridi iishe. Nafuta kifuniko cha mpira, maji yanaingia kwenye unga. Sikitikisi, maana kitajaa povu; nakizungusha taratibu juu ya meza hadi dawa ing'ae. Yeye tayari ameshafunga mpira mkononi, anatafuta mshipa mwenyewe, kwa sababu siku hizi anapenda kujichoma. Nabandua kile kibandiko chenye namba, nakibandika daftarini, naandika: goti la kulia, saa nane na robo usiku, kajichoma mwenyewe.